Tangi la Korona

Chausiku aliondoka Jumatatu asubuhi na kanga zake mbili, sufuria lake na kuku jike aliyefungwa miguu. Mdoe alimtazama mkewe akipita ofisi ya kijiji mpaka akapotea kwenye kona, kisha akarudi kwenye kigoda chake akaendelea kupukuchua kunde. Kunde zilikuwa zimeshaanzwa, na ilibidi mtu azimalize. Alingoja uchungu uje. Haukuja. Ilipofika saa sita alipika ugali, akala nusu, akaufunika uliobaki kana kwamba kuna mwingine wa kuula.

Jumanne akaja shemeji yake, Muhidini, kwa baiskeli kutoka Kabuku, jasho limemlowesha mpaka kwenye kofia.

"Dada yangu yuko kwangu," alisema bila hata kuketi.

"Najua."

"Amekuuliza mara tatu, hukumjibu. Mara tatu, shemeji! Hata mbuzi akiulizwa hulia."

Mdoe alimtazama mdomoni. Hakukumbuka kuulizwa kitu. Kwa jinsi alivyoona yeye, ni Chausiku aliyenyamaza tangu wahamie kijijini, naye akamwachia ukimya wake. Lakini angeanzaje kumuuliza shemeji kwamba dada yako aliniuliza nini? Akainama kutazama kunde.

"Basi nakupa mpaka Ijumaa," alisema Muhidini. "Baada ya sala uje useme kwa mdomo wako, unamtaka au humtaka. Usipokuja, nitajua umemwacha. Mimi sirudishi dada yangu akaishi na kisiki."

Alipoondoka, Mdoe alijaribu kulitafuta jibu moyoni mwake. Ni kama kuingiza mkono ndani ya gunia tupu. Alijua kwamba anamtaka Chausiku, lakini alijua kama mtu anavyojua jina la mkuu wa wilaya. Na kichwani, juu ya yote, korona ilikuwa inanguruma.

Korona ni mashine ya kusaga majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Mdoe aliisimamia miaka kumi na tisa katika shamba moja karibu na Korogwe, akipanga majani kwenye mkanda. Pale walikuwako Wazigua kama yeye, Washambaa, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi, na Mgiriki mmoja aliyekuwa fundi mkuu. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na mashine ikazimeza zote, hata Kiswahili. Kwa hiyo walisema kwa mikono, na kwa kutazamana midomo. Kiganja kikishushwa chini, mkanda usimame. Ngumi mbili zikipandana, uji umefika. Kidole kikizungushwa kando ya sikio, sijakupata, rudia. Wake zao waliowaletea uji getini walijifunza pia, na Chausiku alikuwa mwepesi kuliko wote. Aliweza kumtukana mumewe kutoka hatua hamsini, na kiwanda kizima kikacheka.

Uhuru ulipokuja korona haikusimama. Shamba lilipotaifishwa ilisimama siku moja, ya hotuba. Kilichoinyamazisha ni bei. Huko duniani watu walianza kufunga mizigo yao kwa kamba za nailoni, na mwaka wa sabini na mbili mkanda ukafunguliwa, ukakunjwa. Mdoe na Chausiku wakarudi kwao Handeni, wakapewa kiwanja katika kijiji cha ujamaa, nyumba ya saba upande wa kushoto wa barabara. Binti yao Zamda alikuwa ameshaolewa Tanga. Mashine ilibaki Korogwe, ila ngurumo yake Mdoe alihama nayo.

Jumanne ile, akiwa amekaa na kunde zake, alimkumbuka yule fundi Mgiriki, Bwana Stavro. Kila Jumamosi mchana alipanda ngazi ya tangi la maji la kiwanda, akaingia, akavuta kifuniko, akaelea humo gizani saa nzima. Wafanyakazi walisema anazungumza na marehemu mama yake. Mwenyewe alisema anapumzisha kichwa. Alishuka na uso wa mtoto aliyeamka usingizini, na hata matusi yake ya jioni yalikuwa na adabu kidogo.

Jumatano Mdoe akapanda basi la Korogwe.

Shambani alimkuta Simeo, Mshambaa wa Mpale aliyesimama naye mkanda mmoja miaka mingi. Sasa alikuwa mlinzi wa kiwanda kisichofanya kazi, na alilinda kwa bidii, akiwa na koti la mvua juani.

"Unataka kuoga, mto upo," alisema Simeo.

"Sitaki kuoga. Nataka kuelea."

"Kuelea! Umekuwa bata?"

"Kichwa kinanguruma, ndugu yangu. Ijumaa natakiwa kusema neno, na neno silioni."

Simeo alimtazama kidogo, akaacha utani. "Maji yamo, ng'ombe wa shamba bado wananywa humo. Watajua wenyewe wakikutana na jasho lako." Akamtafutia mpira wa ndani wa baiskeli, akaujaza upepo. "Weka chini ya magoti. Bwana Stavro alikuwa na tumbo la kumwelesha. Wewe utazama kama msumari."

Maji yalimfika kifuani, vuguvugu kwa jua lililopiga bati. Mdoe alivuta kifuniko, akajilaza, akaiachia ngazi. Giza likawa moja. Baada ya muda hakujua mkono wake unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Hakuogopa wala hakufurahi. Aliwaza kwamba mpini wa jembe umelegea. Aliwaza kunde alizoziacha zimefunikwa na ungo, na foleni ya mafuta ya taa, na Zamda alivyokuwa akiita chura "bwana mkubwa" alipokuwa mdogo. Yote yalipita kama watu wa barabarani wasiomhusu.

Korona tu ndiyo haikupita. Alingoja maji yaizibe. Akayainua masikio juu ya maji. Ilikuwa ile ile. Akayazamisha, ile ile. Akapiga maji kwa kiganja kwa nguvu zake zote. Matone yakamwangukia usoni, lakini kishindo hakikuja. Kisha akahisi mtikisiko mdogo mgongoni, tena, na tena, akadhani bati linatanuka kwa joto.

Kifuniko kikafunguliwa. Kichwa cheusi kikasimama katikati ya mwanga, kisicho na uso. Mdoe alikitazama. Kichwa kikatikisika, mkono ukaingia ukamkamata nywele.

Nje, juani, Simeo akawa na mdomo tena, na sauti yake ikarudi. "Nimegonga tangi kwa nondo mpaka mkono umekufa ganzi! Nimekuita! Nimejua nimekuua, mimi na watoto wangu tutakula wapi?"

"Simama nyuma yangu," alisema Mdoe.

"Ehe?"

"Simama nyuma, useme kitu."

Simeo akazunguka. Mdoe alitazama bonde, mkonge uliochanua bila mkataji. Alingoja sana. Mwishowe akageuka. "Umeshasema?"

"Nimesema mpaka nimemaliza. Hata shemeji yako nimemtukana."

Mdoe akaketi kwenye ngazi, maji yakimchuruzika. Kule kambini alikokuwa akikaa na mkewe, taa ya umeme ya nguzoni iliwamulika kupitia dirishani usiku kucha. Kijijini mafuta ya taa ni ya kupanga foleni. Wakishakula, kibatari kinazimwa. Na Chausiku, maneno yake mazito aliyaweka siku zote mpaka walale.

"Mimi ni kiziwi, Simeo," alisema. Neno lilitoka kama mtu anavyotaja kabila lake.

"Kidogo tu," alisema Simeo, akitazama pembeni. Mdoe hakulipata.

Ijumaa, baada ya sala, alikuwa Kabuku, uani nyuma ya duka la Muhidini. Chausiku alikaa mkekani, kanga ameivuta mpaka imemfunika mdomo. Kanga ile ilitikisika kidogo. Alikuwa anasema.

"Haya," alisema Muhidini. "Umemsikia. Mjibu."

Mdoe aliinua mkono, akazungusha kidole kando ya sikio.

"Hiyo nini tena, uganga?"

Chausiku alikitazama kile kidole.

"Gizani sisikii, Mama Zamda," alisema Mdoe. "Wala mtu akijifunika. Ninasikia kwa macho. Nimejua juzi."

Chausiku akaishusha kanga polepole mpaka kidevuni, akageuza uso ukapata jua.

"Nilikuuliza, Baba Zamda, unataka niondoke?"

"Hapana!"

Lilitoka kubwa, la kiwandani. Kuku wakatawanyika, na mteja akachungulia kutoka dukani.

"Tumesikia," alisema Muhidini. "Na Segera wamesikia."

Chausiku hakucheka. Alimtazama mumewe kama anayepima kitambaa, na alipofungua tena mdomo alitenga maneno moja moja.

"Mafuta ya taa yapo nyumbani?"

"Hayapo."

Akainuka, akakung'uta kanga. "Kaka, nijazie chupa moja," alisema. "Na umfungue yule kuku wangu, nirudi naye."