Kila Mwenye Vumbi ni Chediel

Mtaa mzima wa Utemini hakuna albamu ya harusi ambayo Chediel hayumo. Huenda usimjue bibi harusi wala bwana harusi, lakini Chediel utamwona pembeni ya keki, kidevu juu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Hata misibani, mpiga picha akiinua kamera kuelekea jeneza, Chediel atakuwa ameshasogea. Ni mzee wa kanisa, mtu wa Iramba aliyehamia mjini zamani, na sijawahi kusikia amechukua hata sindano ya mtu. Ugonjwa wake ni huo mmoja tu wa kupenda kuonekana, na nausema kwa sababu ndio uliomponza.

Tunafanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha mzee Laurenti cha kukamua alizeti. Mimi nachekecha mbegu. Yeye na Antipasi na wengine wanabeba magunia. Mashine zikiwaka, vumbi la makapi linatanda mpaka wote tunafanana, kama perege waliopakwa unga wakisubiri mafuta.

Mzee Laurenti alichoka kuuliza nani kabeba nini na nani kaingia stoo. Akamleta Rukaiya, binti aliyesomea kompyuta, aweke kamera mbili, moja mlango wa mashine na nyingine mlango wa stoo, zenye akili mnemba ya kututambua hata tukiwa na vumbi. Rukaiya alitusalimu shikamoo mmoja mmoja, akatueleza kwamba mashine haimjui mtu mpaka ifundishwe, na hufundishwa kwa picha. Picha safi hazitoshi. Zinatakiwa na mbaya pia, za vumbi, za giza, za kichwa kimegeuka, nyingi kwa kila mtu, na zilingane.

Hapo kwenye kulingana ndipo tulipoharibu. Antipasi alipigwa picha chache akaenda zake, eti hajui sura yake itapelekwa nchi gani. Sisi wanawake tulikataa kuvua vitambaa usoni tuje kukohoa kwa ajili ya kompyuta. Na Chediel je? Chediel alikuja na mashati ya kubadilisha. Alijimwagia makapi mwenyewe, akageuka kushoto, akageuka kulia, akacheka, akanuna, akaomba arudie ile ya kununa. Rukaiya alimwambia mzee Laurenti kwamba picha za Chediel zimezidi mno, apewe muda akusanye za wengine. Mzee akasema picha ni picha, washa.

Ikawashwa. Asubuhi, hewa ikiwa safi, ilitutambua wote bila kosa. Vumbi likipanda, kila mtu iliyemwona vibaya ilimwita Chediel, kwa sababu sura ya vumbi iliyoizoea ilikuwa ya Chediel tu. Gunia la Antipasi likahesabiwa la Chediel. Mimi na kitambaa changu nilipita mlangoni nikawa Chediel. Mwisho wa mwezi mzee Laurenti alitukusanya uani akamtangaza mfanyakazi bora, mtu aliyebeba kuliko wote, ambaye hata Jumamosi iliyopita, wenzake wengi wakipumzika, yeye alikuwa kazini.

Jumamosi hiyo Chediel alikuwa Sekenke kwenye harusi ya mpwa wake. Tulijua sote, maana alituaga. Aliitwa mbele, akapewa mbuzi dume mnene, akapigwa picha. Nikamtazama nione kama atasema neno. Alisema anamshukuru Mungu anayeona jasho la kila mtu. Nilikasirika, sikufichi, lakini Dorkas mkewe alipompika yule mbuzi nilikwenda nikala. Hata Antipasi alikula, mbavu za mbuzi wake mwenyewe, akasema ahsante shemeji.

Haukupita muda, stooni madumu ya mafuta yakakutwa yamepungua. Mzee Laurenti hakuuliza mtu. Aliiuliza mashine ni nani aliyeingia stoo bila kutumwa. Mashine ikajibu: Chediel, Jumamosi ile jioni.

Akaitwa ofisini asubuhi, nasi tukaitwa tushuhudie jinsi mwizi anavyokamatwa siku hizi. Polisi walikuwa wa kupigiwa simu tu, na mchungaji angesikia kabla ya jua kuzama. Kwa Chediel kujiokoa kulikuwa rahisi: albamu ya Sekenke imejaa sura yake, safi, haina hata chembe ya vumbi. Lakini mtu aliyekuwa Sekenke hakubeba magunia ya Jumamosi, na mbuzi alikuwa ameshaliwa. Kwanza alijaribu njia ya katikati, kwamba magunia alibeba yeye ila mafuta alichukua mwingine. Mzee Laurenti akamwuliza iweje mashine imwone sawasawa kwenye mbuzi, kisha ipofuke kwenye mafuta. Nilimwonea huruma kweli, pamoja na hasira zangu zote.

"Sikuwepo," akasema mwishowe. "Nilikuwa harusini. Magunia ni ya Antipasi, na mbuzi alikuwa wa Antipasi. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza."

Antipasi akaangalia viatu vyake. Rukaiya akasema basi, kama si Chediel, tumtazame huyo aliyeitwa Chediel, maana mpaka hapo tulikuwa tumesoma jina tu na video yenyewe hakuna aliyeiangalia. Akaifungua. Uso haukuonekana, ulikuwa wingu la makapi. Lakini mwili ulionekana, dumu begani, mguu wa kushoto ukitupwa pembeni kila hatua. Kiwandani kwetu anayetembea hivyo ni mmoja, Fredrick, mtoto wa mzee Laurenti, tangu alipoanguka na pikipiki njia ya Ihanja. Mashine ilifundishwa sura. Miguu ya Fredrick sisi tunaijua bila kufundishwa.

Mzee Laurenti alimtambua kabla yetu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliifunga kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Picha hii haionekani," akasema. "Huwezi kumhukumu mtu kwa picha mbovu namna hii. Rudini kazini."

Tuliinuka. Chediel hakuinuka.

"Mzee," akasema taratibu, "kama haionekani, mimi nilionekanaje?"

Mzee Laurenti alianza kutafuta funguo zake, na alikuwa bado anazitafuta tulipotoka.

Jumapili Chediel alimpelekea Antipasi mbuzi mwingine. Nilipoinua simu niwapige picha alisogea katikati kwa mazoea, kisha akajirudi, akatoka kabisa. Kamera ya stoo imeondolewa, tuliambiwa imeharibika. Ile ya mlango wa mashine, inayotuhesabu sisi, ni nzima, na Rukaiya ameagizwa aje atupige picha zaidi ili isikosee tena. Aliuliza kama Fredrick naye apigwe. Akaambiwa Fredrick si mfanyakazi.