Mbao Zilizonukia Bizari

Juzi jirani yangu hapa Kawempe aliniuliza mbao za bei nafuu za banda la kuku zinapatikana wapi. Nikaona aibu, kana kwamba ameniuliza habari za baba.

Baba alikuwa askari jeshi. Mchana mmoja alishusha mbao na nondo za madirisha uani, akajenga banda kubwa ambalo hata yeye aliweza kusimama ndani. Kicheche asingepenya nondo zile. Mbao zilinukia bizari na iliki, nami nikadhani baba amezipaka dawa ya kufukuza nyoka.

"Baba Zaina, umenunua wapi hizi?" mama aliuliza.

"Wenyewe wameondoka," baba alijibu, misumari mdomoni.

Nilidhani anasema Wahindi wa duka la viungo la mtaani kwetu, na kwamba wamekwenda kutembea tu. Leo najua walifukuzwa nchini.

Kuku walipotaga, mama alitukaangia mayai, ila yeye hakuonja; fungu lake alinipa mimi. Nilijua sababu: mama alikuwa Muganda, na kwao zamani mwanamke hakula kuku wala mayai. Nilijisifu kwa wenzangu kwamba mama anashika mila.

Kisha akanichukua kwenda Nateete kwa mdogo wake, ambaye alituwekea mayai ya kuchemsha. Mama akamenya lake, akalichovya kwenye chumvi, akala taratibu.

"Mama, kumbe unakula mayai?"

"Ya huku nakula," alisema bila kunitazama.

Nikafurahi, maana fungu lake la mayai ya nyumbani lingeendelea kuwa langu.