Ufunguo wa Tranka la Aristides

Mama yangu, Anyesi, hajawahi kutia kufuli kwenye jiko lake. Anasema mwenye njaa akikuta mlango umefungwa atakulaani, akikuta uko wazi atachukua ndizi mbili na kukuombea. Pale kijijini kwetu Uru kila mtu anajua hivyo, na wapo waliozoea kuchukua zaidi ya mbili.

Kufuli lilikuwa moja tu nyumbani, nalo lilikuwa la baba, Mzee Kalisti. Lilining'inia kwenye stoo ya kahawa, chuma cheusi kizito ambacho ukikiangusha mguuni unachechemea wiki nzima. Baba alikuwa mtu wa kufunga. Bibi alipofariki, akamfungia nje hata mwanawe wa kwanza. Naitwa Theodora, mimi ndiye mtoto wa mwisho, na jambo hili nalisimulia kwa hasira.

Kaka yangu Aristides alikuwa Kanada, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika. Angetoka asingerudi. Alieleza kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, lakini baba alisikia kitu kimoja tu: kwamba mjukuu hatakuja kumzika bibi yake. Siku ya maziko akasimama mbele ya ukoo mzima, akasema Aristides asikanyage tena kihamba chake. Kihamba ndiyo nyumba, ndiyo migomba, ndiyo kahawa, ndiyo makaburi yetu. Ukikatazwa kihamba umekatazwa kila kitu.

Aristides alipopata habari alijibu, "Sawa. Sitakanyaga mpaka aniite mwenyewe."

Wote wawili vichwa vigumu, na katikati yao mama. Miaka ikapita akiongea na mwanawe kwa kujificha migombani, simu ameibana na kitenge, kana kwamba anaongea na hawara. Akirudi ndani baba anamwuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Mikono mitupu, majani hayapo. Baba naye haulizi tena.

Kisha baba akapata kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na kikachukua ulimi, akabaki na macho na mkono wa kushoto. Na ndipo, ee Ruwa, Mungu wetu, alipolainika. Ukitaja jina la Aristides machozi yanamtoka, anageukia ukutani.

Mwaka huu mke wa Aristides akawa anakaribia kujifungua, na kaka akatuma tiketi ya ndege ili mama aende kumlea mzazi na mtoto. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani nikamwona baba anajikongoja na fimbo yake kuelekea kwenye ua wa masale, yale majani marefu tunayoyapanda mpakani. Akachuma moja. Akakaa juu ya gogo, akashika ncha moja kwa meno na nyingine kwa mkono wa kushoto, akawa anahangaika kulifunga fundo. Likafunguka, akaanza upya. Nilitaka kumsaidia, mama akanishika kiuno akanizuia.

Kwetu isale, jani moja la masale, likishafungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, hakuna cha kuongeza. Aliyelituma amekubali kosa, na mwenzake akishalipokea hawezi tena kukataa kusamehe. Mtoto hulipeleka kwa mzazi. Mzazi kulipeleka kwa mtoto, mimi sijaona, na shangazi zangu wenye umri mkubwa hawajaona. Baba alimpa mama lile fundo lililolowa mate, akaelekeza fimbo angani, upande ndege zinakopita. Mama alipiga magoti palepale kwenye kinyesi cha kuku akalia.

Sasa tuje kwenye mzigo. Nilikuwa nimemnunulia mama sanduku la magurudumu kule Moshi mjini, lenye zipu na kikufuli kidogo cha namba. Binamu yetu Tito, mpagazi wa mlimani, anayeshinda kiwanja cha ndege KIA akipokea wageni, akaja kutufundisha. Tito hajui kunyamaza. Akachukua kalamu ya wino, akaichomeka kwenye meno ya zipu, sanduku likafunguka pwaa! na kikufuli kimening'inia mahali pake. Kisha akaivuta zipu ikajifunga tena.

"Mnaona?" alisema akicheka. "Hivi vikufuli ni urembo tu. Vinamzuia mtu mwaminifu."

Baba alilitazama lile sanduku, akalisukuma kwa mguu mpaka mlangoni. Akaingia chumbani, akaburuta tranka la bati ambalo Aristides alikwenda nalo shule ya bweni. Kwenye mfuniko bado yalisomeka maandishi ya rangi nyeupe, jina la kaka, na chini yake, Uru, Moshi. Kisha akaenda stoo, akarudi na kufuli lake.

Tito aliacha kucheka. "Mama mkubwa, sikiliza. Tranka la bati mashine ya ukaguzi haioni ndani vizuri, watataka kulifungua. Na hilo kufuli ndilo litawafanya waulize kuna nini. Hicho kitu chenu cha maana, sijui ni nini, kiweke kwenye mkoba wa mkononi."

"Mkoba wanaupekua mbele za watu," mama alimjibu. "Hiki hakishikwi na kila mkono."

Hapo mama alikosea, namwambia mpaka leo. Lakini kwetu nani angeshika isale la mzee mkononi, alipitishe kwa wageni walifunue na kuuliza hili nini? Akaliviringisha kwenye khanga yake ya harusi, akalilaza katikati ya mifuko ya unga wa ndizi, unga wa ulezi na kahawa. Baba akabonyeza kufuli mwenyewe. Ufunguo akamvisha mama shingoni pamoja na rozari, akagonga kwa kidole lile jina jeupe kwenye mfuniko, mara moja, mara nyingine, mpaka mama akasema, "Nimeelewa. Afungue Aristides peke yake."

KIA mlangoni walimwomba afungue. Akawasihi, akawaambia ni unga wa mzazi. Dada mmoja wa pale, mpole kweli, akapitisha tranka kwenye mashine mara ya pili, akamwangalia mama na rozari yake, akasema, "Haya bibi, kwetu linapita. Huko unakobadilisha ndege sijui." Mama akatoka pale kifua mbele. Alinipungia mkono kama mtu aliyeshinda kesi.

Tranka halikufika Kanada.

Mama alisimama kwenye ule mkanda wa mizigo mpaka watu wote wakachukua vyao, mpaka mkanda ukazimwa. Aristides akamkuta amekaa sakafuni ameshika ufunguo. Alidhani mama analilia unga. Ikabidi aambiwe habari ya isale kule kule kiwanjani, kwa maneno matupu, jinsi isivyotakiwa kuambiwa.

Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, usinifanyie hivyo. Unataka tupatane, nakuelewa. Lakini baba? Baba anitumie mimi isale?"

"Mwanangu, niliona kwa macho yangu."

"Likija nitaliona na mimi."

Tulipigiana simu mama akiwa bafuni kwa mkwewe, maji yamefunguliwa asisikike. Hata huko bado alikuwa anajificha, maskini. Alinieleza alichoambiwa na watu wa ndege. Tranka limezuiwa kule alikobadilishia ndege. Bati limewasumbua kwenye mashine, wametaka kulifungua, kufuli limegoma, na kwa sheria zao hawavunji mzigo wa mtu kama mwenyewe hayupo au hajaidhinisha. Limewekwa pembeni.

"Waambie wavunje!" nilimwambia.

"Nimewaambia! Nimeandikiwa barua, nimesaini, Aristides ametuma. Wanasema ombi limepokelewa. Kila nikipiga ombi limepokelewa. Theodora, nimewaambia nipeleke ufunguo mwenyewe, wanasema kuingia nchi ile sina viza." Akaongeza maji ya bomba, akauliza, "Baba yako anasemaje?"

Baba hakuwa anasema, alikuwa anauliza kwa mkono. Kila jioni nikimlisha mtori, alishika mkono wangu, akainua wake wa kushoto, akauzungusha kifundo kama mtu anayefungua kufuli. Halafu ananikazia macho. Nami namjibu, "Bado, baba. Mzigo uko njiani." Anatikisa kichwa kukubali, anameza mtori wake. Kesho yake tena. Nilifika mahali nikaichukia jioni. Nilikuwa natamani kumwambia ndiyo, amefungua, amelia, anakuja. Ila baba aliishi na macho tu, na macho yake yalikuwa yananisoma kama katekisimu.

Nilitaka walau waonane kwenye simu. Aristides akasema hapana, aitwe kwanza. Nikamtukana, akakata.

Ndipo Tito akaja na akili zake. Alikuwa ametoka mlimani, nikawa nimemweleza yote, akasema mbona rahisi. Mimi nikaenda kukamua ng'ombe. Niliporudi nilimkuta kwa baba, ameshika isale bichi alilolichuma uani, na simu mkono wa pili.

"Baba mkubwa, funga lingine hapa, nimpigie picha nimtumie sasa hivi."

Baba alikuwa analitazama lile jani mkononi mwa Tito. Uso ulimbadilika. Nilielewa anachokiona. Isale ambalo halikupokelewa hurudishwa kwa aliyelituma. Yeye alituma isale, na sasa isale linamrudia mlangoni.

"Siyo hilo, baba!" nilipiga kelele. "Siyo hilo ulilotuma! Hilo ni jingine, la hapa uani, angalia, halina fundo!" Nilimnyang'anya Tito lile jani nikalitupa. Nikamshika baba mashavu, nikarudia maneno yaleyale kwa Kiswahili na kwa Kichagga, mpaka Tito naye akaanza kulia. Baba alifumba macho. Kama alinielewa au hakunielewa, sijui. Ninachojua ni kwamba jioni ile alikataa mtori, na mkono wake hakuuinua. Kesho yake hakuuinua. Kiharusi cha pili kilimkuta hivyo, amegeukia ukutani.

Mama alirudi kuzika, na Aristides, ambaye karatasi zake zilishakamilika, akamsindikiza. Watu wa Uru walisema mengi, na safari hii hawakutia chumvi, kwa sababu kaka aliyatenda kweli. Alilala gesti mjini. Siku ya maziko alisimama barabarani, nje ya ua wa masale, suti nyeusi na viatu vya mvua, na sisi sote tuko ndani tunatupa udongo. Padre alimtuma katekista amwite, hakuingia. Mama alitoka mwenyewe, akamshika mkono, akamvuta kama mbuzi. Kaka analia huku amekaza miguu.

"Alisema nisikanyage, mama. Hajasema nikanyage."

Mama akaachia mkono wake. Akarudi kaburini peke yake, kitenge kimeburuzika kwenye tope, na nilipomtazama nikaona mtu ambaye hana tena cha kumwomba yeyote. Hata rozari siku zile hakuisali, aliivaa tu.

Simu kutoka KIA iliingia asubuhi ya siku ambayo Aristides alikuwa anaondoka. Kule lilikozuiliwa tranka, mtu mmoja alikuwa amesoma yale maandishi meupe kwenye mfuniko na kuamua kulirudisha lilikotoka. Tito alikuja na gari la kazini kwake, tukampitia kaka gesti, tukateremka sote kwenda kiwanjani.

Lilikuwa juu ya meza ya forodha, halina hata mkwaruzo. Kufuli la baba lilikuwa mahali pake, limefungwa vilevile alivyolibonyeza. Walikuwa hawajalivunja.

"Mama, hili kufuli mlilipata wapi?" afisa alitania. Alikuwa kijana, hakujua. "Siku hizi hayapo haya. Fungueni tukague, halafu mtasaini."

Mama alivua ufunguo shingoni. Ulikwama kwenye rozari, akahangaika nao, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akampa Aristides.

Kaka alifungua. Akatoa mifuko ya unga mmoja mmoja akiipanga mezani, kahawa, khanga. Akaikunjua khanga. Isale lilikuwa limekauka, limekuwa rangi ya udongo, lakini fundo halikuwa limelegea, na kwenye ncha moja alama za meno ya baba zilikuwa zimekauka nalo. Aristides aliziona. Aliweka kidole juu yake, akakaa juu ya mizani ya mizigo na jani lake kifuani.

Afisa aliacha kutania. Ila kazi ni kazi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, angalieni vizuri kabla ya kusaini. Kuna kilichopungua?"

"Hakuna, mwanangu," mama alisema. "Kila kitu kipo."

Aristides alinigeukia mimi. "Alikuwa anasubiri jibu?"

Nikainua mkono wa kushoto nikauzungusha kifundo, kama baba alivyokuwa akifanya kila jioni. Kaka akauangalia mkono wangu, akauangalia ufunguo uliokuwa bado kwenye kufuli, akaelewa bila kuambiwa.

"Kila siku?"

"Kila siku," nilimjibu.

Tito alikuwa amesimama nyuma yetu anatazama sakafu. Habari ya lile jani bichi sikuitaja, na mama naye hakuitaja. Ndege ya Aristides ilitangazwa, ikatangazwa tena. Yeye akarudisha mifuko ya unga ndani ya tranka, akalibeba begani, na isale akalishika mkononi. Akamwambia Tito awashe gari, anakwenda nyumbani kumjibu baba yake.