Jeli ya Mabegani

Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kutamani kutamani. Njaa naijua, na upweke niliuzoea, maana nilikuwa dereva Doha tangu miaka ya elfu mbili mwanzoni. Lakini kumkumbuka mke wako kwa kichwa peke yake, mwili umenyamaza kama redio iliyotolewa betri, hilo nilifundishwa na saratani ya tezi dume.

Walinitibu huko huko. Walinipiga mionzi, na pamoja nayo wakanidunga sindano za kuzima homoni ya kiume, maana ndiyo inayolisha saratani ya aina yangu. Saratani ikanywea, namshukuru Mungu, na sindano zikaachwa. Homoni ndiyo iliyokataa kurudi. Nilipandwa na joto la ghafla hadi shati linalowa, na hakuna aliyeshtuka, kwani Doha mwezi wa saba nani halowi? Niliamka nimechoka. Nililia nikiona tangazo la maziwa kwenye televisheni, mtu mzima na ndevu zake. Na mke wangu, aliyekuwa kwetu Voi na watoto, akinipigia na kuniambia, "Baba Watoto, kitanda hiki ni kipana," nilimjibu, "Pole, mama," utadhani ananipa habari za jirani. Iliniuma sana, kwa sababu mwanamke yule nilimpenda.

Daktari wangu alikuwa mama Msudani wa makamo, na mwanzoni kwa aibu nilikuwa naongea na saa ya ukutani. Alinieleza kwamba homoni inaweza kurudishwa. Kuna sindano ya kila baada ya wiki chache, kuna nyingine inayokaa mwilini miezi, na kuna jeli ya kupaka mabegani kila asubuhi. Pia kuna kuacha mambo yalivyo. Zamani, alisema, mtu aliyeugua kama mimi asingepewa kabisa. Sasa baadhi ya madaktari wanakubali, kwa hadhari, vipimo vikishakaa shwari muda mrefu. Wengine bado wanakataa.

"Siwezi kukuapia kwamba haitaamsha ugonjwa," akasema. "Nikikupa, nitakupa jeli. Damu ikionyesha kitu, unaacha siku hiyo hiyo. Sindano ikishaingia haichomoki. Nenda kaongee na mkeo."

Kaongee, ati! Wapi? Chumba chetu cha mtaa wa Abu Hamour tulilala wanaume wanne, na ukikohoa wote wanakuambia pole. Nilisimama uani nyuma ya matangi ya maji nikamnong'oneza mke wangu kila kitu.

"Nikikwambia upake halafu ugonjwa urudi, nitajisamehe vipi?" akasema. "Nikikwambia usipake, nitaishi na nani? Amua mwenyewe. Lakini usinifanye mjane wa mume aliye hai, halafu useme umenihurumia."

Nilimkasirikia siku kadhaa. Nilitaka aamue yeye, ili nipate wa kulaumu. Hasira ilipopoa nikarudi kwa daktari nikachukua jeli.

Masharti yake niliyashika: paka, ngoja ikauke, vaa shati, nawa mikono, usimguse mtu kwa bega tupu. Sharti la chumba ndilo nililolisahau. Hewa ya AC hukausha ngozi mpaka ikapauka, na kwetu chupa ya mafuta ikiwa karibu na sinki ni ya wote. Haiombwi, na chupa yangu ya jeli niliiacha hapo hapo. Ndipo jirani yangu wa kitanda, askari wa lango kutoka Uganda, akaniambia siku moja akifunga begi la likizo, "Mzee, mafuta yako haya hayana hata harufu. Nimepaka miguu wiki nzima na bado niko mweupe. Lakini yanakauka upesi, kwa hiyo nimemtilia mke wangu kidogo kwenye kichupa. Tumbo linamwasha, ana mimba ya miezi sita."

Nilimnyang'anya kile kichupa. Daktari alikuwa amenionya kwa kidole: mwanamke mjamzito asiiguse kabisa, inadhuru mtoto. Ikabidi niseme, mbele ya wote, ni dawa ya nini na nilipungukiwa na nini. Sijawahi kuvuliwa nguo namna ile, na nilijivua mwenyewe.

Yule askari akaitazama miguu yake. "Kwa hiyo sasa hii itaoa?" akauliza. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kisha akaenda akajisugua kwa sabuni, na aliporudi akanishika mkono, akaushikilia.

Wiki zikapita. Kipimo cha damu kikatoka shwari, ingawa daktari alisema hicho ni cha kwanza tu. Nguvu zilirudi kidogo kidogo, lakini lile lenyewe, la kumtamani mke wangu, sikuliona. Ijumaa moja, ndiyo siku ya mapumziko huko, wenzangu walikuwa wanaondoka kwenda kanisani Mesaimeer, na mimi nikawa nachukua Biblia yangu niwafuate kama kawaida. Wakanizuia mlangoni. "Wewe leo utasalia hapa. Pigia Mama Watoto." Hata mwenzetu wa zamu ya usiku, ambaye Ijumaa hulala kutwa, walimwamsha wakaondoka naye.

Nikapiga. Alinieleza habari za maharagwe yaliyopanda bei, za binti yetu aliyekataa kusuka nywele. Huku anaongea nikasikia maji yakimwagwa kwenye karai. Nikamwuliza anafanya nini.

"Naosha miguu, nimetoka shamba."

Miguu yake niliijua. Nilijua kovu la jembe, nilijua anavyoikunja akilala. Likanijia kifuani, likashuka, mwili mzima ukaitika, nikaketi kitandani machozi yakinitoka. Likizo yangu ilikuwa mbali, ng'ambo ya Ramadhani.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Nakutaka," nikamwambia. "Nakutaka hadi naumwa."

Maji yakaacha kulia kwenye karai. Alipojibu sauti yake ilikuwa ya chini, haina ukali wowote.

"Sasa ndio utajua nimekuwa nikiishi vipi huku."