Ngata ya Kukalia

Sisi tuliokulia Goweko kabla pikipiki hazijazagaa kama kuku, makalio yetu yalisomeshwa na keria ya baiskeli. Keria ile ya chuma haikuwa na huruma kwa mtoto wala kwa gunia la karanga. Baba alikuwa akikunja gunia tupu, analiweka juu yake, anarudi nyuma hatua moja kulitazama kama mtu aliyetandika kitanda cha mtemi, kisha anasema, "Haya, pandeni. Wapo wafalme waliokaa pabaya kuliko hapa."

Hao wafalme hatukuwajua, lakini tulimwamini. Sikukuu zikifika tulikwenda naye mpaka Tabora mjini, kanisani. Mchanga ukizidi tunashuka tunasukuma, ukipungua tunapanda tena. Tukifika, makalio yamekufa ganzi, hakuna anayetamani benchi. Tulisimama ibada nzima nyuma kule, na wazee wa kanisa wakawa wanamsifu baba kwamba watoto wake ni wacha Mungu. Tukimsimulia mama nyumbani, aliziba mdomo kwa upande wa khanga ili asicheke.

Siwezi kusema tulikuwa na raha, maana raha yenyewe hatukujua ikoje. Shuleni tulikwenda na kuni kichwani na matobolwa mfukoni, yale matamu ya viazi vikavu yanayokwama kooni mpaka upigwe mgongoni. Kengele ilikuwa ringi la gari lililotundikwa, na aliyeligonga alijiona mkuu wa wilaya. Jioni tulicheza rede na kombolela kuzunguka mabani ya kukaushia tumbaku, vidole vikinata kwa utomvu, na mvua za kwanza zikinyesha tuliingia porini kutafuta uyoga. Ukirudi umechubuka goti, mama anakutazama tu. "Mwili wa mtoto ni udongo," alikuwa akisema, "usipofinyangwa utapasuka."

Vijana wa siku hizi wangepasuka kweli. Mdogo wangu wa mwisho, Doto, hawezi kwenda kisimani bila waya masikioni. Akiinama kufunga viatu lazima kwanza avute pumzi. Lakini namsema tu, maana Doto ndiye chanzo cha haya yote ninayosimulia.

Baba alipofariki, mama hakukaa sana, naye akamfuata. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kulwa na Doto walikuwa bado wananyang'anyana mgongo wa kubebwa. Sikuambiwa niache shule. Niliamka asubuhi moja nikaona hakuna mwingine wa kupika uji, basi. Bibi alikuja kukaa nasi, lakini miguu yake ilikuwa imechoka. Baiskeli ya baba niliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo kwa sababu tandiko sikulifikia, na pacha hao nikawapeleka zahanati, nikawapeleka shule. Kulwa sasa ameolewa Lusu, kule Nzega. Doto amebaki nami, mwanamume mwenye ndevu, tunalima tumbaku pamoja na kuweka mizinga ya nyuki porini. Baiskeli ilikwisha, nikanunua pikipiki. Ndiyo, naendesha mwenyewe.

Kabla ya mvua zilizopita, Doto alianguka mtini akishusha mzinga. Alianguka akakaa, kama mtu anayekaa kitini. Hospitali ya mjini walituambia kifandugu, kile kimfupa cha mwisho wa mgongo, kimepata ufa na mishipa ya fahamu imeumia, ndiyo maana mguu wa kushoto umeingia ganzi. Daktari alinitazama mimi, si yeye, akasema, "Mama, akija kliniki kila mwezi, mguu utarudi. Akiacha, utabaki hivyo hivyo."

Kuja kliniki, sawa. Lakini kwa usafiri gani? Treni hupita Goweko kwa saa zake, nazo hazijawahi kukubaliana na saa za daktari. Basi dogo likija limejaa, na mgonjwa wa kifandugu utamsimamishaje? Ikabaki pikipiki. Na safari ya kwanza tu, Doto alifika mjini ameuma mdomo mpaka damu.

Nikaenda kwa fundi wa viti pale Gongoni, mjini, mzee mcheshi mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama. Tuweke sponji ya kawaida?"

"Weka mbili. Tena ile nene ya godoro."

"Mama, hapo utapanda kwa ngazi."

"Weka tu, fundi. Nina mgonjwa."

"Haya. Mwenye pikipiki ndiye msemaji."

Kiti kikatoka kimefura kama andazi. Nilikikalia mwenyewe, nikajitikisa, nikasema Mungu mkubwa. Sisi tuliolelewa juu ya vitu vigumu tuna imani moja: dawa ya kila kitu ni ulaini. Mtu akiumwa, mpe uji laini. Akilia, mlaze palipo laini. Sikujua kwamba ulaini nao una meno.

Mwezi uliofuata tukaondoka. Kijiji hatujakiacha mbali, Doto ananitelezea mgongoni. Anajivuta nyuma, anateleza tena. Tulipomaliza kuvuka mbuga, pale makorongo yanapoanza, nikasikia, "Dada, simamisha."

Alishuka, akashika mti, jasho linamtoka kama anapalilia.

"Nimekalia chuma," akasema.

"Chuma gani, na sponji yote hiyo?"

"Sponji imekwenda zake. Tumebaki mimi na chuma."

Nilibonyeza kiti kwa mkono. Kweli, ulizama mpaka chini. Nikamwambia tusogee polepole, tutafika tu. Alitikisa kichwa.

"Mimi sirudi tena kule, dada. Mguu ukifa, na ufe. Nilizaliwa nayo miwili."

Alitaka nicheke. Sikucheka. Niligeuza pikipiki, tukarudi nyumbani yeye akitembea zaidi kuliko kupanda, na kliniki ile ikapita. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikiutazama mguu wake kuliko uso wake. Akivuka kizingiti, natazama. Akikosea hatua, kijiko kinanidondoka. Wakati mwingine kiatu kilimvuka mguuni asijue, akaendelea kwenda peku mpaka nimwite.

Tulikuwa tunachambua tumbaku, mabinti wa jirani wakapita na ndoo za maji vichwani, wanapiga soga, hawazishiki. Hapo nikamkumbuka bibi.

Bibi alijivunia kwamba babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, alibeba pembe kutoka huku kwetu mpaka pwani na kurudi. Kama aliongeza chumvi, ni juu yake. Lakini nilipokuwa naanza kuteka maji, nilitengeneza ngata yangu, ile pete ya nguo ya kuwekea ndoo kichwani, kwa khanga kuukuu, laini kama mto, na nusu ya njia nikaja nalia nimeshika utosi. Bibi akaifungua, akaisokota upya, akaikaza mpaka ikawa ngumu kama kamba ya meli, na katikati akaacha tundu. "Ngata laini inazama, mzigo unagusa utosi," akasema. "Ngata ngumu inabeba pembeni, katikati panapumua." Miaka baadaye nilipotaka kumwazima Kulwa ngata hiyo, bibi akanipiga kofi la mkononi. "Ngata ya mtu haiazimwi! Kichwa chake ndicho kinachoijua." Alisema wapagazi walikuwa hata wakilala hawaachi mtu aguse ngata zao.

Nikaacha tumbaku pale pale. Kiti kile cha andazi nilikuwa nimekipima kwa makalio yangu mimi, ambayo hayana tatizo lolote, ashukuriwe Mungu.

"Doto," nikamwuliza, "panauma wapi hasa?"

"Unataka kuniombea?"

"Nijibu."

"Katikati kama kuna msumari. Pembeni pako sawa. Kulia pana nafuu kuliko kushoto."

Nilishona mfuko mrefu mwembamba kama utumbo, nikaujaza pumba za mpunga, nikaushindilia. Pumba hazizami kama sponji, na hazichemki kwa jua. Nikausokota duara, nikauacha wazi upande wa nyuma pale penye msumari wake, nikafunga kwa vipande vya tyubu. Sponji ya juu nikaing'oa kwenye kiti. Kisha nikampa Doto ngata yake aikalie kwenye benchi, abangue karanga.

Siku ya kwanza alisema kushoto kuko chini. Nikaongeza pumba. Akasema sasa inamsukuma mbele. Nikapunguza. Baadaye aliacha kunisema, akawa anafungua mwenyewe na kufunga mwenyewe, anatoa pumba kiganja, anarudisha nusu kiganja. Jirani yetu mmoja akachungulia uani, akamkuta ameikalia kwa makini.

"Doto, umeanza kutaga?"

"Nikitotoa nitakuuzia kifaranga."

"Kiwe na miguu mizima lakini."

Nilidhani Doto atakasirika. Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Jioni yake akaniambia, bila kunitazama, "Tujaribu mara moja."

Mara moja. Usiku sikulala vizuri. Nilijua hiyo mara moja ndiyo yote niliyonayo. Asubuhi tuliondoka jua likiwa bado changa. Kila penye kijito nilisimama, nikamwambia ashuke anyooke, hata kama hajaomba. Wasafiri wa zamani walipumzika kabla ya kuchoka, ndiyo maana walifika. Makorongo yakaja, nikapunguza mwendo. Nilisubiri kusikia "simamisha," haikuja. Nikauliza, "Vipi huko?" Kimya. Mara kofia yake ngumu ikanigonga begani, ikatulia pale pale.

Nilifunga breki taratibu, nikageuka. Alikuwa amelala. Amelala fofofo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Furaha na hofu vilinipanda kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Mtu ambaye juzi alilia kwa maumivu, leo amestarehe mpaka angeanguka njiani akavunja na hicho kilichosalia! Nilimwamsha, akasema "sijalala," akasinzia tena. Kila usiku alikuwa hapati usingizi, na sasa mwili umekuja kudai.

Nilikuwa nimejitanda kitenge kwa ajili ya vumbi. Nikakivua, nikampitishia kiunoni, nikakileta mbele, nikafunga fundo kifuani kwangu, lile lile la kumfunga mtoto. Tukaingia Tabora hivyo. Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana wakasimama.

"Mama, mtoto wako ana ndevu!"

"Amechelewa kuacha ziwa," nikawajibu.

Kliniki, daktari alikwaruza unyayo wa Doto kwa ufunguo. Mguu ukaruka.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Doto akasema, kisha akasema tena kwa sauti ndogo, "Nimesikia."

"Basi usikose," daktari akasema.

Tangu hapo hajakosa. Na leo, kwa kuwa tumbaku yetu inafungwa marobota na mimi siwezi kuondoka, ameamka, akachukua ngata yake kwapani, akaniambia amemwita bodaboda. "Wewe baki na kazi, dada. Mimi si mzigo." Aliipanga ngata kitini mwenyewe, akakaa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Dereva simjui. Ni kijana wa nywele za kuchongwa, na breki zake sikuzipenda.

Zamani mtu akienda mjini, alikuwa amekwenda. Baba alipochelewa, mama alifunika ugali wake kwa sahani, akasema, "Aliye njiani ana Mungu wake," tukalala. Asubuhi tulisikia baiskeli ikiegeshwa ukutani, na hiyo ndiyo ilikuwa habari. Hatukuwa na namna ya kuuliza, kwa hiyo hatukuuliza. Leo nina simu mkononi, imejaa chaji, Kulwa ananipigia kutoka Lusu kuniuliza habari ambazo sina, na nimefunga robota moja vibaya nikalifungua tena. Sijui mama alipata wapi usingizi. Labda hakulala. Labda sisi ndio tuliolala.

Adhuhuri simu ikalia. Ujumbe wa Doto: "Nimefika dada. Kiti safi."

Nikamwandikia haraka, vidole vya utomvu vikiteleza: "Hukusinzia njiani?"

Jibu likaingia.

"Nisinzie kwa dereva nisiyemjua? Nimekaa macho mwanzo mpaka mwisho."

Niliusoma nikiwa nimesimama kati ya marobota, nikaikumbuka siku ile alipolala begani kwangu. Kisha nikaketi chini, mahali pagumu tu pale pale, nikakaa kitambo kabla sijaweza kurudi kazini.