Kilima Kisichozeesha Watu

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya kilima cha kanisa, na Irmhild Kestner anachimba kaburi la baba yake mzazi.

Hapa kwetu kaburi hukodishwa. Muda ukiisha, jiwe linang'olewa na mwingine anaingia. Muda wa baba huyo, Gerwin, aliyekuwa mchimba makaburi kabla ya bintiye, umekwisha, na kesho Bi Adelgund wa duka la mikate anazikwa papo hapo.

Kwingine mchimbaji hukuta mifupa michache, akaifukia chini zaidi. Kilima chetu ni udongo wa mfinyanzi mtupu, wenye maji na baridi, nao hauozeshi maiti. Kijiji kizima kinajua, ila hakuna anayelitaja jambo hilo mezani.

"Shemeji, unachimba au unabembeleza?" anamtania Volkmar, mume wa mdogo wake, aliyekuja kusaidia.

"Nyamaza wewe. Angekuwa baba yako, saa hizi ungekuwa kwenye bia."

Koleo linagota. Harufu inapanda, kama ya sabuni iliyosahaulika kabatini. Volkmar anavua kofia na kurudi nyuma. Irmhild anapiga magoti, anapangusa kwa kiganja, kisha anainama kutazama. Mimi, jirani niliyekuja kutazama, nimesimama kando ya ukuta wa makaburi na, niseme ukweli, nimeogopa.

"Vipi?" anauliza Volkmar.

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Vilevile. Hata masharubu."

Anaanza kurudishia udongo, polepole, kwa mikono. Mchungaji anapigiwa simu, naye anakubali Bi Adelgund azikwe mguuni pa kilima, karibu na lango, kwenye mchanga.

Baadaye, tukinywa kahawa kwenye kibanda cha zana, Irmhild anakwangua udongo kwenye kucha zake.

"Baba alikufa na miaka arobaini na minne," anasema. "Mimi nina sitini na moja. Nimemtazama kama ninavyomtazama mwanangu akilala."

Kabla ya baridi kali, Volkmar ataleta trekta la mchanga hadi langoni, na Irmhild ataupandisha kwa toroli. Atauondoa udongo wote wa mfinyanzi unaomzunguka Gerwin na kujaza mchanga, ili hewa ipite.

"Nataka baba yangu aoze," anasema, bila kupepesa macho. "Na mimi nitazikwa hapa, pembeni yake. Sitaki kumkuta bado kijana, ananitazama bibi kizee, asinijue."