Minazi ya Shangazi Mwanakombo

Kabla sijamwona Ami Salehe nilisikia viatu vyake vya mti. Ta, ta, ta, vikigonga sakafu ya baraza yetu pale Makorora, kwa mwendo wa mtu mwenye neno lisiloweza kungoja chai. Ami ni mdogo wake marehemu baba. Alikaa, akavua kofia, akasema kwamba dada yao, shangazi yangu Mwanakombo, anaibiwa.

"Anaibiwa nini, Ami?"

"Shamba. Lile la marehemu babu yako, nyuma ya Tongoni. Wameliingilia watu wa kuja, wengine wametoka kambi za mkonge, ati wanalima naye kwa ujima. Mwanangu, watu hawalimi pamoja hivihivi. Nenda kaone. Hesabu hatua toka ule mti wa mvumo wa njiani mpaka bondeni. Tazama nani analima wapi. Na usiseme nimekutuma mimi."

Siku hizo za Mwingereza, mkonge ulikuwa ukila ardhi kama moto wa kiangazi. Niliingiwa na hofu kwa ajili ya shangazi. Alikuwa mjane, goti lake bovu, na zaidi ya shamba hilo hakuwa na kitu.

Saa mbili asubuhi basi la Pangani liliondoka. Mkonge ulisimama huku na huku, mistari kwa mistari, na ncha zake zilikuwa nyeusi kwenye mwanga wa asubuhi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nilipomtaja shangazi alicheka.

"Wa ujima wale! Mwanamke akijifungua huku, kabla hajaletewa khanga huletewa kunde zao."

Kisha akaliona daftari langu mfukoni, na kicheko kikakatika. "Wewe si mpima ardhi, lakini?"

Nilisema hapana. Hakunisemesha tena mpaka niliposhuka.

Saa nne niliifuata njia ya miguu kwenye nyasi ndefu. Shamba lilipotokeza nilikuta watu kama kumi na watano wameinama, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja. Mmoja aliniona. Majembe yote yakasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Yatima wangu huyo!" Alikuja akichechemea, akanikumbatia, mikono yake imejaa udongo. Halafu akanishika mabega akaniweka mbali kidogo, anitazame. "Umekuja mwenyewe, au umeletwa?"

"Nimekuja mwenyewe," nikasema. 

Adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuelewa kazi yao inavyokwenda. Kila mtu hupewa ngwe, yaani kipande chake cha kulima siku hiyo. Anayemaliza kwanza hapumziki. Huhamia kwenye ngwe ya aliye nyuma, akaanzia mwisho, wakutane katikati. Niliona ngwe ya shangazi ikilimwa na wanne, yeye akiwa amekaa anapepeta kunde. Moyo ukaniambia: basi ndivyo inavyofanywa. Wanamlimia leo, kesho watasema ni lao.

Tulikula muhogo wa nazi na mchicha. Sahani ya kwanza ilifunikwa ikapelekwa kwa mgonjwa, ya pili kwa mzazi aliyetoka kujifungua, na ndipo sisi tukanawa. Niliwatazama watoto wakila, mashavu yamejaa, na nilijaribu kutofurahi.

"Huyu anakula kwa macho," alisema Mama Benedikto, mke wa mkata mkonge, mwanamke mrefu mwenye rozari shingoni. "Bwana wa mjini, muhogo wetu una nini? Umeona jini?"

Walicheka wote, lakini macho yao hayakucheka.

Alasiri nilijifanya nanyoosha miguu, nikaanza kuhesabu hatua toka kwenye mvumo. Karibu na bonde nikasita. Kwenye mpaka, ndani ya nyasi, kulikuwa na miche ya minazi, imepandwa mstari mmoja, kumi na miwili.

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa, lakini wa bara nitamweleza. Kwetu, ukimpa mtu ardhi apande muhogo, umempa msimu mmoja. Akipanda mnazi, ardhi amejipa. Ndiyo maana mpangaji hukatazwa kupanda mti wa kudumu, na atakayeupanda kimyakimya ametangaza vita.

Nililala kwa shangazi, na asubuhi ya pili, kabla ya mtu kufika shambani, niling'oa mche wa kwanza. Ulitoka na nazi yake, mizizi ikiwa inaning'inia.

"Weka chini!" Shangazi alikuwa nyuma yangu, ameshika fimbo.

"Shangazi, wanakunyang'anya! Tazama, wamepanda minazi!"

"Nimeipanda mimi."

Nilibaki na mche mkononi.

"Ami yako alikuja hapa na bwana wa mkonge, anataka kumwuzia. Akalikanyaga shamba langu kwa hatua, hivyo hivyo kama ulivyofanya jana. Akamwambia hili ni pori la baba yetu, halina mwenyewe. Nami nikasema, pori halina minazi. Nikawaita hawa wote, nikapanda mbele yao, wawe mashahidi. Wewe umetumwa na nani?"

 Wenzake walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama na majembe. Mama Benedikto aliangalia mche, akaniangalia mimi.

"Mwiteni polisi basi," akasema, "tumemkamata mwizi mwenyewe."

"Si mwizi," shangazi akasema. "Ni damu ya nyumba. Na kwa kuwa ni damu ya nyumba, ataurudisha yeye."

Nilichimba shimo lile upya. Shangazi akamwaga ndani chumvi na majivu, kama ilivyo desturi ya kupanda mnazi, nami nikauweka mche, nikashindilia udongo kwa viganja, watu kumi na watano wakitazama. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Benedikto alinipa maji ya kunawa, na hayo tu.

Mchana wa siku hiyo basi lilinirudisha mjini, na njiani nilijiuliza mbona jicho langu la kutafuta wizi liliangalia upande mmoja tu. Niliona watu wakimlimia mjane, nikatafuta hila. Aliyenituma kuhesabu hatua sikumwuliza hata neno.

Saa kumi nilipiga hodi kwa Ami Salehe. Alikuwa na mgeni mwenye suti ya khaki na kofia magotini, bila shaka yule bwana wa mkonge.

"Huyu ndiye mtoto wa kaka yangu niliyekwambia," Ami akamwambia, kisha akanigeukia. "Haya, umehesabu?"

"Minazi kumi na miwili, Ami. Ya shangazi. Mmoja nimeushindilia mimi kwa mikono yangu, mbele ya mashahidi, na mbele ya liwali nitasema hivyo hivyo."

Mgeni alimgeukia Ami. Akavaa kofia yake.

"Salehe, uliniambia pori."

Alitoka bila kuaga. Ami hakumsindikiza, alibaki kitini akinikodolea macho, na upepo ukausukuma mlango ukajifunga nyuma ya mgeni.